Kistari na Herufi Moja: Msomaji katika Historia ya Miongozo ya Vifurushi vya Linux

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe, na afadhali nilitaje mapema kuliko kujifanya mtaalamu. Nilikuwa nikisaidia kuangalia kompyuta za chumba kimoja cha wanafunzi, kompyuta zinazotumia mfumo wa Debian, ambao ni mmoja wa jamaa za Linux. Printa ilikuwa inagoma. Bila kumwuliza mtu nikaamua kuondoa programu inayoiendesha, kisha niirudishe upya. Nikaandika dpkg, nikaacha nafasi, nikaweka kistari, halafu herufi P kubwa na jina la kifurushi. Nilichotakiwa kuandika ni r ndogo. Zote mbili zinaondoa kifurushi, lakini r inaacha faili za mipangilio mahali pake, na P inafagia mpaka na hizo.

Faili zile zilikuwa na mkono wa kaka mmoja aliyekwisha kuhitimu. Pembeni mwa kila mpangilio aliandika maelezo kwa Kiswahili safi: kwa nini mstari huu usiguswe, kompyuta ipi huleta ubishi, nini kifanyike umeme ukirudi. Nakala nyingine haikuwapo. Kazi ya mtu ikapotea kwa herufi moja.

Jioni ile nililalamika sana kwamba watu wa Linux hawajui kuandika. Mwenzangu akaniuliza, "Kwani wewe huo mwongozo umeusoma?" Sikuwa nimeusoma. Nilipoufungua nikakuta jambo lenyewe limeelezwa bila kificho: r huacha faili za mipangilio ili usilazimike kupanga upya ukikirudisha kifurushi baadaye, P hufuta kila kitu, na faili hizo zikiwemo. Yaani mwandishi alikwisha kuniona mimi na printa yangu, miaka mingi kabla sijaketi pale.

Ndipo nikaanza kuujia ukurasa ule na maswali tuliyozoea kuyauliza darasani. Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa nini kwa umbo hili? Hoja nitakayoitetea hapa ni moja: historia ya kuandika machaguo ya amri ni historia ya msomaji. Kila msomaji aliyekusudiwa alipobadilika, maandishi yalibadilika, na mara nyingine hata chombo chenyewe kikabadilika. Sisemi kwamba ukurasa wa mwongozo ni fasihi. Mjadala huo wa fasihi ni nini tumeshaula mpaka umeisha utamu. Ninachosema ni kwamba zana za mhakiki zinaufaa.

Kwa asiyezijua kompyuta hizi, maelezo mafupi. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na faili zake, na ndani yake mna orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Kisimamizi cha vifurushi ndicho kinachokiweka, kukiondoa au kukiulizia habari. Unakiamuru kwa kuandika maneno, si kwa kubofya picha. Chaguo ni ile alama unayoipachika kwenye amri, kwa kawaida kistari na herufi au vistari viwili na neno zima, ili kueleza unataka kazi ifanyikeje. Kwa lugha yetu ya sarufi, amri ni mzizi na machaguo ni viambishi.

Mwenye programu yuko chumba cha pili

Tuanzie tarehe 3 Novemba 1971, Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell. Linux ilikuwa bado miaka 20 mbele, maana Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 huko Helsinki. Lakini umbo la ukurasa wa dpkg ninaousoma leo ni mjukuu halali wa ukurasa ule. Kwanza jina la amri na maelezo ya mstari mmoja. Kisha namna ya kuiandika. Kisha maelezo, faili inazozigusa, "tazama pia", ujumbe unaotolewa mambo yakiharibika, na kasoro.

Msomaji wa tendi zetu za kale hatashangazwa na umbo hili. Utendi nao una mlango wake wa kuingilia na wa kutokea: mtunzi huanza kwa jina la Mungu, hueleza sababu ya kutunga, husimulia, na akifika tamati huenda akataja jina lake, tarehe, hata idadi ya beti. Umbo lisilobadilika humsaidia msikilizaji ajue yuko wapi. Mwongozo nao ni hivyo hivyo. Ukishazoea kurasa tano, ya sita hupotei.

Katika toleo lile la 1971 kulikuwa na kipengele kimoja ambacho baadaye kilitoweka, nacho ni cha kumtaja mwenye programu. Yaliandikwa majina mafupi tu, ken au dmr. Hilo linatuambia msomaji alikuwa nani. Alikuwa mfanyakazi mwenza. Akikwama, aliinuka kitini, akapita ukumbini, akapiga hodi. Ndiyo maana maelezo ya wakati ule ni mafupi sana, karibu ya kukaripia. Mwandishi alijua kwamba yaliyobaki yataelezwa kwa mdomo. Ufupi wa machaguo nao ulikuwa na sababu. Watu walifanya kazi kwenye teletaipu iliyochapa herufi 10 tu kwa sekunde, na kila herufi uliyoiokoa ilikuwa nafuu. Herufi moja baada ya kistari haikuwa pozi, bwana, ilikuwa ni ubahili wa lazima.

Kipengele cha kasoro nacho kilikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza. Hebu fikiria: fundi anauza kiti na kukuandikia kwamba mguu wa kushoto unayumba. Si jambo la kawaida. Lakini kwa jirani inawezekana, kwa sababu jirani atajua tu. Uaminifu ule ulizaliwa na ujirani.

Msomaji asiyeonekana

Sasa tuvuke hadi tarehe 16 Agosti 1993. Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, anatangaza mradi wa Debian. Nataka tukumbuke kwamba alikuwa mwanafunzi kama sisi. Wazo lake lilikuwa kwamba mfumo mzima wa Linux ujengwe na watu wengi wanaojitolea, kila mmoja akitunza vifurushi vyake, na vyote vikae pamoja bila kugombana. Kwa kazi hiyo kikahitajika chombo, nacho ni dpkg. Kilianza kama programu ndogo ya Murdock mwaka 1994, na mwaka huo huo Ian Jackson akakiandika upya kwa lugha ya C. Mwaka 1995 kampuni ya Red Hat ikatoa chombo chake, rpm, cha Erik Troan na Marc Ewing.

Hapa ujirani unakwisha. Watu wa Debian walikuwa wametawanyika, wengi hawajawahi kuonana sura, na watumiaji wao walikuwa hawahesabiki. Hakuna ukumbi wa kupita wala mlango wa kubisha. Kwa hiyo maandishi ilibidi yabebe kila kitu. Machaguo yakapata majina mawili, herufi moja kwa mwenye haraka na neno refu lenye vistari viwili kwa mgeni. Maneno hayo marefu yalitoka katika desturi ya mradi wa GNU, ulioasisiwa na Richard Stallman. Kwa hiyo -r ni --remove, na -P ni --purge. Aliyeandika --purge angalau anajua anasafisha.

Kwa miaka mingi ukurasa wa dpkg ulikuwa na onyo la ajabu karibu na mwanzo. Ulisema kwamba umeandikwa kwa ajili ya watumiaji wanaotaka kuelewa machaguo kwa undani zaidi, si kwa watunzaji wa vifurushi, na kwamba maelezo yake kuhusu yanayotokea wakati wa kuweka na kuondoa vifurushi hayatoshi. Sisi tunahangaika kumsaka msomaji kusudiwa katikati ya mistari; huyu mwandishi amemtaja waziwazi, na aliyemkataa pia amemtaja.

Kwa upande wa rpm mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1997 Edward Bailey alichapisha kitabu kizima, Maximum RPM, na humo machaguo yanapangwa chini ya kazi zake: kuweka, kuondoa, kuhuisha, kuulizia, kuhakiki. Chaguo moja moja linapata sehemu yake na maelezo ya lini ulitumie na lini uliogope. Ukurasa umekuwa kitabu kwa sababu msomaji amekuwa mgeni.

Na mgeni alihitaji kitabu kweli, maana sarufi ya rpm ina mtego. Herufi i peke yake maana yake ni kuweka kifurushi. Lakini ikitanguliwa na q, ambayo ni ya kuulizia, i ile ile inakuwa ombi la maelezo ya kifurushi. Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kulalamika. Sisi tuna "ki" ya "kitabu" na "ki" ya "akija"; tuna "ku" ya "kusoma" na "ku" ya "anakusoma". Mtoto anajifunza zote bila kitabu kwa sababu anazisikia mdomoni mwa mama kila siku. Mtumiaji wa rpm hana mama huyo. Ana ukurasa tu.

Ukurasa unaokiri

Debian haikuacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Kanuni zake zinasema kila programu iwe na ukurasa wake wa mwongozo, na ukikosekana, kukosekana huko kunahesabiwa kuwa ni hitilafu ya kuripotiwa, sawa na programu inayokatika katikati ya kazi. Naliona hili kuwa ndilo tukio kubwa katika historia yetu hii. Kutoandika kumekuwa kosa la kiufundi.

Lakini watu ni watu. Kwa muda kulikuwa na ukurasa mmoja ulioitwa undocumented, na kazi yake ilikuwa kueleza kwamba programu unayoiulizia haina ukurasa. Mtunzaji aliyekosa nafasi ya kuandika aliiunganisha programu yake na ukurasa huo. Baadaye desturi hiyo ilikatazwa, na kwa maoni yangu ilistahili, ingawa ukurasa wenyewe naupenda. Ulikuwa ni deni lililoandikwa. Ubaya wake ni kwamba deni likiandikwa vizuri, mdaiwa anaanza kujiona amelipa.

Kipengele cha kasoro nacho kimeishi. Dpkg ina chaguo la --no-act, la kuigiza kazi bila kuifanya, ili uone yatakayotokea kabla hayajatokea. Chini kabisa, penye kasoro, mwongozo unakiri kwamba chaguo hilo kwa kawaida hutoa habari chache kuliko zile ambazo zingekufaa. Huo ni ukweli uliobebwa kutoka 1971, sasa ukimfikia mtu ambaye mwandishi hatamwona kamwe.

Lakini sitaki kuwasafisha waandishi kabisa. Katika dpkg, p ndogo na P kubwa ni amri mbili tofauti. Ya kwanza inaonyesha tu maelezo ya kifurushi, ya pili inakifuta. Kadhalika l na L, s na S. Ukurasa unaeleza tofauti kwa usahihi, lakini tofauti yenyewe imewekwa mahali ambapo kidole kinateleza. Maelezo mazuri hayawezi kuondoa uamuzi mbaya wa awali. Yanaweza tu kuutangaza.

Kisa cha neno "lazimisha"

Mwaka 1999 Debian 2.1 ilitoka ikiwa na chombo kipya, apt, chenye amri ya apt-get. Hiki kilikaa juu ya dpkg na kuleta vifurushi kutoka mbali pamoja na vyote vinavyotegemewa. Msomaji akapanuka tena. Na kadiri alivyopanuka ndivyo maonyo yalivyozidi.

Chukua --force-yes. Maana yake ilikuwa: endelea bila kuniuliza, hata kama unafanya jambo la hatari. Mwongozo ulieleza kwamba lisitumike ila katika hali za pekee sana, na kwamba linaweza kuuharibu mfumo wako. Onyo liliandikwa, watu wakaendelea kulitumia, kwa sababu lilimaliza maswali. Katika toleo la 1.1, mwaka 2015, watunzaji walibadili mbinu. Chaguo hilo likatangazwa kuwa limepitwa na wakati, na mahali pake yakaja machaguo manne, kila moja likitaja unachokiridhia: kupokea kifurushi kisichothibitishwa, kurudi toleo la nyuma, kubadili kifurushi kilichozuiwa, au kuondoa kilicho muhimu kwa mfumo. Neno moja la jazba likavunjwa kuwa maneno manne ya kuwajibika. Hapo utaona kwamba uandishi haukuwa pambo la chombo. Ulipoonekana haufanyi kazi, chombo ndicho kilichoandikwa upya.

Kisa cha pili ni cha Novemba 2021. Apt ilikuwa na ulinzi wake wa mwisho: ukitaka kuondoa kifurushi muhimu kwa mfumo, y haikutosha, ulitakiwa kuandika sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Mtengenezaji mmoja wa video mwenye watazamaji mamilioni alikuwa akijaribu kuweka programu ya Steam kwenye Pop!_OS. Kasoro ilikuwa upande wa vifurushi, na apt ikaonya kwamba itang'oa sehemu muhimu za mfumo. Akaandika sentensi ile kama alivyoambiwa, na mazingira yote ya kwenye kioo yakaondoka.

Wengi walimcheka. Mimi, nikiwa na printa yangu, sikucheka. Mwandishi wa sentensi ile alifikiri kama mtunzi wa tamthiliya: mtie mhusika maneno ya bwana mkubwa mdomoni, atashtuka kuyasikia. Lakini msomaji aliisoma kama nywila, kitu cha kunakili ili mlango ufunguke. Baada ya hapo watunzaji wa apt waliliondoa ombi la sentensi hiyo. Anayetaka kuondoa kilicho muhimu sasa lazima aseme mwenyewe tangu mwanzo kwa chaguo lake mahsusi.

Msomaji aliongezeka kwa namna nyingine pia. Mwaka 2014 ilikuja amri fupi ya apt, yenye sura ya kupendeza kwa mtu. Mwongozo wake unasema imekusudiwa mtumiaji wa kawaida na tabia yake huenda ikabadilika toleo hadi toleo; anayeandika programu ya kujiendesha yenyewe atumie apt-get. Kwa hiyo leo kuna amri yenye sura ya kumfaa mtu, na kuna amri iliyotulia kwa ajili ya mashine. Jirani wa Murray Hill hayumo tena katika orodha.

Utani nao upo. Ukiandika apt-get moo unachorewa ng'ombe. Chombo jamaa, aptitude, ukikiuliza hivyo hivyo kinakana kuwa na mzaha wowote. Ukisisitiza kwa kuongeza v moja baada ya nyingine kinakereka, na mwisho kinakuchorea umbo na kueleza kwamba ni tembo anayemezwa na nyoka, picha inayotoka katika The Little Prince cha Saint-Exupéry. Ng'ombe na tembo walienezwa na watumiaji kwa kuambizana. Fasihi simulizi haikufa hata humo.

Hitimisho

Kiswahili kina nafasi gani katika haya? Mwaka 2004 ilitoka Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian na kutumia apt ile ile, kwa uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba lugha haina maneno. Maneno yalitafutwa na yakapatikana.

Lakini menyu na mwongozo ni vitu viwili. Menyu inakuambia kuna nini. Mwongozo unakuambia itakuwaje ukikosea. Kwa menyu, istilahi zinatosha. Kwa mwongozo inahitajika tabia, ile ya kuona kwamba kazi ambayo haijaandikiwa maelezo haijaisha, na ya kutaja kasoro zako kwa mtu usiyemjua. Kaka yule aliyehitimu alikuwa na tabia hiyo. Hakuna aliyemtuma. Alimwandikia atakayekuja baada yake, na aliyekuja nikawa mimi.

Nilikaa siku kadhaa kuipanga printa upya kwa kukumbuka na kubahatisha. Kisha nikaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikaubandika ukutani na nakala nikaiweka kwenye kompyuta mbili. Una jina, namna ya kutumia, maelezo, faili zinazohusika. Sehemu ya kasoro inasema hivi: mipangilio hii si ile ya awali, ya awali ilikuwa bora, nayo ilifutwa na mwandishi wa ukurasa huu kwa kuandika P alipotakiwa kuandika r. Chini yake nikarudisha kipengele kile cha 1971, nikaandika jina langu na chumba ninachokaa, ili atakayekwama ajue pa kupiga hodi.